Kurasa Kumi na Sita

Nyumba ndogo isiyo na dirisha, kutwa inapanda na kushuka, na haijawahi kutoka nje ya ukuta. Ukiwa mtu wa mjini umeshajibu: lifti. Basi mambo haya yalianzia humo, katika jengo la ghorofa tisa lenye benki chini, maktaba katikati na ofisi za kila aina juu, saa saba mchana, wakati kila mtu ana njaa na hakuna anayetaka kuziona ngazi.

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita ikiwa na watu wanane. Fundi alipoutanua mlango kwa chuma chake, saba walimwagika nje kama maharage gunia likipasuka. Wa nane hakutoka. Alikuwa binti mwenye gauni la kijani lililorukiwa na gundi mikononi, kilemba cha manjano, ameketi sakafuni na riwaya mapajani.

"Dada, umeumia?"

"Subiri," binti akasema bila kuinua uso. "Zimebaki kurasa mbili."

Fundi akashusha chuma. Katika miaka saba ya kazi ile alikwisha kuwatoa waliozimia, waliotapika, na bwana mmoja aliyekuwa ameanza kuandika wosia nyuma ya risiti. Kuambiwa asubiri, hiyo ilikuwa mpya.

"Dakika ishirini mmekaa humu," akasema. "Kengele nyekundu hiyo hapo. Mbona hamkuibonyeza?"

"Wale walikuwa wanaoneana haya, kila mmoja anamngoja mwenzake. Mimi nilikuwa nafurahi zangu."

Akafunga kitabu, akashusha pumzi kama mtu aliyeshiba, akanyoosha mkono. "Haya. Nitoe sasa."

Fundi alikuwa na ovaroli la bluu, penseli sikioni na mwanya mkubwa wa meno ya mbele, na alipocheka mwanya ule ulikuwa wa kwanza kucheka. Binti akauona. Tangu siku ile lifti ikawa mgonjwa wa ghorofa ya sita. Jumatatu inasikika inakwaruza, Jumatano inatiwa mafuta, Ijumaa inachunguzwa tu, ili moyo utulie. Na ghorofa ya sita ndiyo iliyokuwa na maktaba.

Nyuma ya maktaba kulikuwa na chumba cha binti. Kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu: vilivyochanika alivishona upya, vilivyopoteza jalada alivivika jingine. Meza yake ilikuwa na sindano nene, uzi uliopakwa nta, kopo la gundi, na mashine ya kubania kurasa yenye gurudumu la chuma. Ukutani alikuwa amebandika kadi: riwaya hamsini na mbili kwa mwaka, moja kila wiki.

"Kuna mtihani?" fundi akauliza.

"Hakuna."

"Zawadi?"

"Hakuna."

"Sasa unasoma ili upate nini, Binti Gundi?"

"Nipate raha. Wewe ukila embe unauliza kuna mtihani?"

Walipendana hivyo, kwa kuchokozana. Kila jioni simu. Yeye fundi alipenda vitendawili, na binti alipenda kujifanya hajui majibu.

"Kitendawili, laazizi."

"Tega."

"Nina ngazi ya vidato kumi na viwili, na juu yake kuna mlango wa kwenu."

Hicho binti alikijua kweli, kwa sababu ngazi aliijenga mwenyewe. Fundi alipotaja mara ya kwanza habari ya kuja nyumbani na wazee wake, alimjibu hivi: "Soma riwaya kumi na mbili kwanza. Kwa mwendo wako. Mtu akiweza kukaa na watu ambao hata hawapo mpaka ukurasa wa mwisho, na mimi ataweza kukaa nami." Akabandika kadi ya pili kando ya yake, yenye mistari kumi na miwili mitupu.

Na mistari ilijaa. Fundi alichukua kitabu, akarudi baada ya wiki mbili, tatu, akasimulia. Hakusema mengi, ila alichosema kiliingia. Cha tatu kilikuwa cha mjane mmoja mzee. Fundi aliegemea mlango, akasema taratibu: "Yule mama hakumlilia mumewe. Alilia kwa sababu hakuna tena mtu wa kumwuliza, umechelewa wapi."

Binti aliacha sindano katikati ya shimo. Mama yake alikuwa mjane. Maneno yale aliyaona kila jioni mezani kwao, kwenye sahani ya baba ambayo hakuna aliyethubutu kuigawa, lakini hakuwahi kuyasikia yakisemwa. Siku ile ndipo alipompenda hasa. Kabla ya hapo alikuwa anapenda mwanya.

Kufikia cha kumi na moja, mama alikwisha kushona gauni la kupokelea wageni, na mdogo wake binti, kitindamimba wa nyumba, msomaji hodari kuliko hata dada yake, alikuwa anamwita fundi shemeji waziwazi.

Cha kumi na moja kilikuwa riwaya ya mke wa fundi saa aliyeachwa na mumewe. Nakala ile ilikuja imekatika uzi, na binti aliishona upya Ijumaa moja kwa haraka, fundi akiwa amesimama mlangoni anachezea funguo zake na kumharakisha. Wiki mbili baadaye, Jumatatu asubuhi, alifungua mashine ya kubania ili aingize kazi nyingine. Ndani akakuta fungu la kurasa kumi na sita, pembe zake zimebandikwa karatasi laini, zimekauka vizuri kabisa. Ukurasa wa 209 mpaka wa 224. Alikuwa ameziweka zikauke, akasahau kuzirudisha, akakishona kitabu bila hizo.

Aibu ya kazi ilimpanda. Alishika simu amwombe radhi mpenzi wake, maskini, ambaye lazima alikuwa amekwama ukurasa wa 208. Kabla hajabonyeza, simu ikaita.

"Binti Gundi wangu. Nimemaliza."

"Umemaliza?"

"Jana. Kimebaki kimoja tu, mama aanze kulipiga pasi lile gauni."

Binti akayatazama makaratasi. "Ulipenda wapi zaidi?"

"Pale barua ya mume inapofika, na mke haifungui. Anaificha kwenye kopo la unga, anaendelea kukanda. Pale pamenigusa, mpenzi. Nilifunga kitabu kwanza."

Kopo la unga lilikuwa ukurasa wa 217. Ukurasa wa 217 ulikuwa mkononi mwake.

"Ulikisoma wewe mwenyewe?"

"Sasa nisomewe na nani? Kila neno, kwa macho haya haya."

"Sawa," binti akasema. Akakata simu, akakaa. Gundi ikakauka kwenye brashi, naye hakuiona.

Fundi angekuwa hajui kilichomo, binti angesema amerukaruka kurasa, wapo wasomaji wa hivyo. Lakini alikijua. Mtu hawezi kukijua kitu kilichobaki kimebanwa kwenye chuma wiki mbili, isipokuwa ameambiwa. Na aliyemwambia aliwahi kukisoma kitabu kile zamani, kabla hakijakatika uzi. Binti hakuhitaji kwenda kutafuta kwenye daftari la maktaba. Alikumbuka tu ni nani aliyekisifia nyumbani mwaka juzi.

Jioni ile hakupiga hodi. Mdogo wake alikuwa uani anaanua nguo, simu ameibana kati ya sikio na bega, anacheka.

"...shemeji nawe, nilikwambia usimsimulie yote. Ungemwachia kitu akuelezee yeye, dada anapenda kueleza. Cha mwisho ni kirefu, nitakutumia kwa sauti vipande vinne..."

Shuka likamponyoka. Dada yake alikuwa amesimama mlangoni, kilemba mkononi.

"Tangu lini?"

"Dada, sikiliza kwanza, si unavyofikiri..."

"Sifikiri chochote. Nakuuliza tangu lini."

"Tangu cha kwanza." Mdogo mtu akaanza kulia. "Alikuwa anakuja kwangu amekata tamaa. Niliona mwaka utaisha umkose. Nilikuwa nakusaidia."

"Na yale ya mjane? Ya mtu wa kumwuliza umechelewa wapi?"

Mdogo akaliokota shuka, akalikunja vibaya, akalikunjua. "Nilikuwa namtazama mama," akasema.

Binti akaingia ndani. Mama akamwuliza mbona mapema leo, naye akajibu kichwa kinamwuma. Sahani ya baba ilikuwepo mezani. Alishindwa kuitazama. Kuibiwa na mwizi, hata usipomjua, unapiga kelele na majirani wanatoka. Hii ya kuibiwa na wawili unaowapenda, tena wakikuibia ili wakupe zawadi, unaipigia kelele wapi? Angewakuta wanapendana angejua la kufanya, angetupa nguo nje, angetukana. Lakini wale hawakupendana. Walikaa tu wakampangia moyo wake aupeleke wapi, naye akaupeleka.

Kesho yake fundi alipanda na chupa ya mafuta na uso wa kuungama, maana kitindamimba alikwisha kumpigia. Binti alimkuta kwenye korido ya lifti, hakutaka aingie chumbani kwake.

"Vingapi ulisoma kweli?"

"Laazizi..."

"Namba. Wewe si mtu wa mashine?"

"Hakuna." Aliivua penseli sikioni, akairudisha. "Cha kwanza nilifika ukurasa wa arobaini. Mimi shule niliacha mapema. Michoro ya nyaya naisoma, vibao nasoma. Lakini mistari ikijipanga mingi hivyo, nasoma ule ule mara tatu. Wiki tatu, kurasa arobaini. Nikapiga hesabu, nikaona nitafika kwenu nina mvi."

"Nilikwambia kwa mwendo wako."

"Ulisema. Halafu unasoma moja kwa wiki mbele ya macho yangu."

"Kwa hiyo ni kosa langu."

"Sikusema hivyo."

"Nilikupenda kwa neno moja," binti akasema, na sauti yake haikupanda. "Moja. Nikalala nalo, nikaamka nalo. Leo naambiwa mwenye neno nalala naye chumba kimoja tangu nina miaka minne. Wewe nikupende kwa lipi?"

Lifti ikafika, mlango ukafunguka, watu wakawatazama. Fundi akainamia chupa yake ya mafuta. Binti akashuka kwa ngazi, ghorofa zote sita.

Alipopanda tena aliing'oa ile kadi ya mistari kumi na miwili. Na yake ya hamsini na mbili akaiacha, lakini haikuongezeka. Alifungua riwaya, akafika ukurasa wa tano, akamshuku kila mtu ndani yake. Hilo ndilo lililomuuma kuliko mengine: walimwachia vitabu vyake vyote rafuni, raha wakaondoka nayo. Nyumbani alisema na mdogo wake mambo ya chumvi na sabuni. Mdogo akawa anamwekea riwaya kitandani, moja moja, bila neno, na yeye anazirudisha kwenye kitanda cha pili bila neno. Gauni la mama likabaki kabatini. Lifti ya jengo ikaanza kutunzwa na fundi mwingine, mzee mmoja mwenye kikohozi.

Ilipita miezi minne na siku kadhaa.

Alhamisi moja, maktaba ikiwa imejaa wanafunzi, mtu akabisha kwenye mlango ulio wazi. Ovaroli la bluu, safi, limepigwa pasi ya mistari. Mkononi alikuwa na kitabu, na kitabu kilikuwa kimechakaa pembeni.

"Sijaja kuomba radhi," fundi akasema. "Niliomba kwenye simu ukakata, ni haki yako. Nimekuja kwa sababu ya kazi. Kitabu hiki kina kasoro."

"Kasoro gani?"

"Ukurasa wa 208, mtu wa posta anabisha hodi. Unaofuata ni wa 225, mke yuko kituo cha treni amevaa viatu vya mume. Nimesoma mara tano nikidhani macho yangu. Katikati hapo pana kitu. Nakumbuka niliambiwa kuna barua, lakini sitaki ya kuambiwa."

Binti alimtazama. Kila ukurasa kando yake ulikuwa na nukta ndogo ya penseli, mahali alipokuwa akiishia kila siku. Nyingine zilikuwa mbili kwenye ukurasa mmoja.

Alivuta droo. Fungu la kurasa kumi na sita lilikuwamo. Hakujua kwa nini hakulitupa. Akalisukuma mezani na kigoda kwa mguu.

"Hazitoki humu ndani. Soma hapo hapo."

Fundi akaketi. Alisoma kwa kidole, midomo ikicheza kidogo, na mara nyingine kidole kilirudi nyuma kikaanza upya. Binti akaendelea kushona. Saa nzima ikapita, na robo. Mara akasikia kidole kimetulia.

"Sasa nimemwelewa," fundi akasema, kama anasema na kitabu.

"Nani?"

"Huyu wa kopo la unga. Unajua watu wakikwama kwenye lifti, kengele iko pale, nyekundu, kubwa, na hawaibonyezi. Uliniambia siku ile, sikukuelewa. Wanaona haya. Ukibonyeza, umekubali kwamba umekwama. Kwa hiyo mtu anatazama juu, anajifanya lifti inatembea." Akainua uso. "Mimi nilikwama ukurasa wa arobaini. Kengele ilikuwa wewe."

Lilikuwa neno la mtu wa mashine, halina urembo wowote. Mdogo wake asingelisema hata kwa miaka kumi. Binti aliligeuza moyoni upande huu na upande ule akitafuta mshono wa mtu mwingine, asiuone.

Hakumwambia amemsamehe, maana hakuwa amemsamehe. Alizichukua zile kurasa, akakifungua kitabu mgongo, akatunga uzi kwenye sindano.

"Ukimaliza kukishona," fundi akauliza polepole, "naweza kuja kwenu?"

Binti akapitisha sindano kwenye shimo la kwanza, akakaza.

"Namba ya mdogo wangu uifute," akasema. "Na kuja, bado kumi na moja."