Harufu ya Koti la Baba

Hakuwa na shahada, hakuwa na duka, hakuwa na gari, na suti ya harusi alikuwa bado hajaipata. Alichokuwa nacho mchanganyaji huyu wa manukato ni pua, na pua hiyo sasa ilikuwa imeganda kwenye kola ya mdogo wake.

"Manukato haya umeyapata wapi?"

Mdogo wake, kinyozi, alirudi nyuma hadi akagonga kiti cha wateja.

"Kaka, mbona unaninusa kama mbwa wa polisi?"

"Jibu! Chupa ni mbili tu duniani, na moja iko kampuni ya manukato. Nimezichanganya mwenyewe, ya pili nikampa mchumba wangu. Sijayanusa shingoni mwake hata mara moja. Leo nayakuta kwako!"

Kinyozi alijifuta shingo kwa taulo.

"Muulize shemeji."

Mchanganyaji alichomoa simu. Akamwandikia mchumba wake: "Njoo saluni sasa hivi. Usipokuja, harusi hakuna."

Jibu likaja: "Nakuja. Usimguse mdogo wako."

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma kuliko yote.

Mchumba wake, fundi cherehani, aliingia akihema, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

"Tangu lini?" aliulizwa kabla hata hajakaa.

"Tangu lini nini?"

"Wewe na huyu!"

"Ala!" kinyozi aliruka. "Kaka, una wazimu? Aliniambia nikaitupe chupa. Nikaona ni dhambi kutupa kitu kizuri, nikajipaka kidogo. Basi!"

"Uitupe?" Mchanganyaji alimgeukia mchumba wake. "Nimekutengenezea pwani nzima ndani ya chupa. Mwani mkavu, jiwe lililolowa, moshi wa magogo yaliyotupwa na maji, yale majani machungu. Pale pale nilipokuposa! Ukalia kwa furaha."

"Sikulia kwa furaha."

Mteja mmoja, nusu kichwa kimenyolewa, akajifanya anasoma gazeti.

"Baba yangu alikuwa mlinzi wa mnara wa taa," alisema fundi.

"Uliniambia alikufa kazini."

"Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Mnara wenyewe ni ule tulioegemea siku uliponiposa. Wimbi lilimchukua pale chini. Walipomrudisha, mama alikataa kulifua koti lake. Nimekua na koti hilo nyuma ya mlango. Lilinuka mwani, jiwe, moshi, na majani machungu. Hukukosea hata kimoja."

Mchanganyaji alikaa chini kama gunia.

"Kwa nini hukusema?"

"Ulinipeleka bila kuniambia tunakwenda wapi. Nilishtuka kuuona mnara, nawe tayari umepiga goti. Ungekuwa wewe ungesema?"

"Halafu nikakuletea kwenye chupa…"

"Nilipoifungua nilitapika. Sikutaka ujue. Kampuni imeshayapenda, wanakusubiri tu ukubali wayauze. Hiyo ndiyo nafasi uliyoililia miaka yote."

"Na ungeishi vipi? Kila mwanamke njiani ananukia msiba wako?"

"Ningezoea."

"Muongo wewe."

"Muongo ni wewe, uliyesema nalala na shemeji yangu!"

"Nisamehe."

"Sijui. Uliniwazia vibaya upesi mno."

Mchanganyaji alimwomba kinyozi karatasi na bahasha, akaandikia pale pale kwenye meza ya mashine za kunyolea. Kisha akamsogezea mchumba wake, naye akasoma kwa sauti:

"Manukato ya pwani hayauzwi. Nimeyaondoa. Naomba msiyatengeneze kamwe."

"Hawatakuita tena," fundi alinong'ona.

"Najua."

"Utachanganya nini sasa?"

"Chochote utakachoniambia kinanukia vizuri. Nitauliza kwanza."

Fundi akaikunja karatasi, akaitia ndani ya bahasha, akailamba gundi na kuibana kwa kidole gumba chenye alama za sindano.

"Twende wote," alisema.

Walivuka barabara hadi posta. Aliyeitumbukiza bahasha sandukuni ni fundi mwenyewe.