Waliobaki Nje ya Daraja

Jioni hiyo Ngatia alitoka nyumbani kwake Giakanja kama alivyotoka jioni nyingine zote, suruali imefungwa kwa kamba ya katani isije ikaliwa na mnyororo. Sikukuu ya Jamhuri ilikuwa inakaribia, na mbio za baiskeli za Nyeri hazimngoji mvivu. Mwaka uliotangulia alikuwa ameshindwa na Othmani, fundi cherehani wa Majengo, mtu mwenye miguu myembamba kama ya korongo. Tangu hapo kila mteja aliyeleta baiskeli yenye pancha kwa Ngatia aizibe alimuuliza kwanza, "Ati Othmani alikupitia wapi?" Ukiulizwa hivyo mwaka mzima, hata chakula hakishuki.

"Si upumzike leo," mama yake, Magdaline, alimwambia. "Hii ukungu siipendi. Na bibi yako ako karibu."

"Wachuka atazaa baada ya Krismasi, mama. Naenda tu mzunguko moja."

Sikio la kufa halisikii dawa. Akapanda baiskeli.

Mzunguko wenyewe ulikuwa wa kuvunja miguu. Unapanda kutoka sokoni hadi ukingo wa msitu wa Nyandarua, unafuata handaki la zamani kilima baada ya kilima, unapita mabaki ya ngome ya mahomgadi, wenyeji waliokuwa walinzi wa Wazungu, kisha unateremka bondeni kurudi nyumbani. Handaki lilichimbwa wakati wa Imajensi, miaka ya vita vya kudai uhuru. Wazungu waliwatoa watu vijijini alfajiri, wake kwa waume, wakawachimbisha mpaka jioni ili wapiganaji wa msituni wasifikiwe na chakula. Chini ikasimikwa mianzi iliyochongwa. Sasa ni uhuru, watu wamelifukia na kupanda majani ya ng'ombe, na vijana kama Ngatia hawakuliwaza zaidi ya walivyouwaza mtaro wa barabara.

Alipofika juu, msitu ulikuwa umenyamaza. Ukungu ulitambaa kutoka kwenye miti, ukaimeza njia. Mbele yake kilionekana kifusi cha ngome na nguzo moja iliyooza. Hapo hapo mnyororo ukachomoka.

Ngatia akashuka, akatukana kidogo, akapiga magoti.

Kwanza ilikuja harufu. Udongo mbichi, kama kaburi lililochimbwa sasa hivi.

Kisha sauti. Majembe.

Ka... ka... ka...

Akainua kichwa. Majembe yakanyamaza.

"Wewe ni kijana ya nani?"

Mtu alikuwa amesimama ndani ya handaki, anaonekana kuanzia kifuani. Alijitanda gunia mabegani, na matope yalikuwa yamemkaukia hadi kwenye nyusi. Ngatia hakuogopa. Aliona haya tu, maana alikuwa amempita mzee bila salamu, na kwa Wakikuyu mzee akikuuliza wewe ni wa nani, unamjibu, hata kama una haraka ya kwenda kuzima moto.

"Mimi ni wa Wamae, mzee. Hapo Giakanja."

"Wamae ya daraja?"

"Daraja gani? Wamae alikuwa na shamba ya kahawa. Alishakufa."

"Alikufia wapi?"

"Kwa kitanda yake."

Maji yalidondoka mahali fulani, polepole.

"Kitanda," mtu yule akasema. "Kitanda kavu... Na wewe, uko na bibi?"

"Niko naye. Ako na mimba."

"Akizaa kijana?"

Angekuwepo Magdaline angemfinya paja. Mtoto aliye tumboni hatajwi, seuze kupewa jina mbele ya mtu usiyemjua. Lakini swali lenyewe lilikuwa rahisi mno. Mvulana wa kwanza ni babu yake mzaa baba. Hachukui jina tu, ni yeye mwenyewe, na wanawake humbeba wakisema mzee amerudi. Tena Ngatia alimtamani sana mvulana huyo, akawa ameshaanza kuringa naye kabla hajazaliwa.

"Si ni Wamae tu!" akacheka. "Mzee atarudi."

"Atarudi," mtu yule akanong'ona. Kisha akageuza uso kando, akasema na watu ambao Ngatia hakuwaona. "Mmesikia? Anasema atarudi."

Handaki lote likaguna, kutoka mwanzo wa kilima hadi mwisho.

Upepo ukapita, ukungu ukapasuka, na Ngatia akaona pale chini aliposimama yule mtu. Handaki lilikuwa limefukiwa zamani. Majani yalikuwa mabichi na udongo ulikuwa mzima, haujaguswa na jembe, nao ulimzunguka yule mtu kifuani.

Hapakuwa na shimo.

Ngatia aliikokota baiskeli mbio hadi njia ilipoanza kuteremka, akairukia. Mteremko hauhitaji mnyororo. Upepo ulimtoa machozi, matawi yakamchapa uso, na njia nzima alisikia miguu mingi nyuma yake, miguu mitupu kwenye matope, ilhali njia ilikuwa kavu. Alipofika karibu na migomba ya nyumbani miguu ikaacha. Akasikia kitu kingine.

Kigelegele.

Wachuka alikuwa amejifungua. Kwetu msichana hupigiwa vigelegele vitatu, mvulana vitano. Ngatia akasimama gizani, mikono imeganda kwenye usukani, na yule mwanamume aliyekuwa akiota mvulana miezi yote hiyo akaanza kumwomba Mungu ampe msichana.

Kigelegele cha pili.

Cha tatu.

Kimya...

"Asante, Baba," akanong'ona.

Cha nne kikapaa. Na cha tano.

Magdaline alikuwa mlangoni, mikono ingali na damu, anacheka. "Amekuja mapema, lakini ako na nguvu! Mbona umejificha kwa ua? Ukauliza mgeni aliyezaliwa ni nani kama mtu ametoka mbali. Si nimekujibu ni Wamae?"

Ngatia akaegemeza baiskeli ukutani. "Mama, mimi ndio nafika."

"Nimesikia sauti ya mwanaume hapo nyuma."

"Haikuwa mimi."

Kicheko kikamtoka mama yule usoni. Ngatia alipomweleza aliyoyaona, alikaa kwenye kizingiti, akafunika kichwa kwa leso. Alizungumza kwa sauti ya chini, asimsumbue mzazi ndani.

"Baba yako alikuwa homgadi. Kamba ya daraja ya ngome, ile ya kuvukia handaki, alishika yeye. Filimbi ikilia, daraja inapanda, hakuna mtu anaingia. Siku moja mvua ilinyesha sana. Risasi zikalia msituni. Wale wa kuchimba wakakuja mbio, wakamwita jina. Wamae, teremsha daraja. Wamae, ni sisi."

"Akateremsha?"

"Filimbi ilikuwa imelia. Wakafia hapo nje."

"Walikuwa watu wa wapi, mama?"

"Wa hapa. Usiniulize tena."

Mtoto hakuitwa Wamae. Ngatia alikata shauri usiku huo, akampa jina la babake Wachuka, Mutahi, na padri akambatiza Simeon juu yake. Ukoo ulichukia. Mjomba mmoja alikataa hata kunywa uji, akauliza tangu lini mzee akafungiwa mlango na mwanawe. Jamhuri ikaja, Othmani akashinda bila jasho, na Ngatia hakwenda hata kutazama. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba siku moja atageuka na mtoto hayupo.

Mtoto alikua salama. Alitambaa, akatembea, akasema. Kasoro yake ilikuwa moja. Ukimwita Mutahi hakugeuka upesi, kama mtu anayedhani unamwita jirani.

Kisha ikaja jioni nyingine ya ukungu. Ngatia alikuwa akifunga lango, anapitisha mti mzito kutoka nguzo hii hadi ile. Mtoto alikuwa kando yake, kichwa ameinamisha, anasikiliza.

"Baba, fungua. Kuna watu."

"Hakuna watu."

"Wananyeshewa."

Mvua haikuwepo. Lakini harufu ya udongo mbichi ilikuwa imeshamfikia Ngatia puani. Nje ya lango matope yalikuwa yakikanyagwa, taratibu, na miguu isiyohesabika.

"Wamae..." Sauti ilikuwa ya mwanamke, imechoka. "Wamae, ni sisi."

Mtoto akageuka mara moja.

Mti wa lango ukasukumwa. Ngatia akaushika kwa mikono yote miwili, akauegemea kwa kifua. Akifungua, watamchukua mwanawe. Hilo alilijua kama anavyolijua jina lake. Basi alishikilia, viganja vikimwaka moto, huku wale wa nje wakilia kwa adabu, kama watu waliozoea kulia.

Mtoto alimvuta suruali.

"Baba," akauliza, "kwani wamefanya nini?"