Mstari wa Chokaa Mlangoni kwa Koloman

"Weka huo ufagio chini, Koloman."

"Rosi, ngoja kwanza nikueleze..."

"Nimesema weka chini."

Koloman akauweka. Miguuni pake, kuanzia kizingiti cha nyumba aliyoishi na baba yake, mstari mweupe wa chokaa ulikuwa umekatiza ua, ukapita chini ya geti na kupanda kwenye mizabibu ya mlimani. Hatua chache za mwanzo alikuwa ameshajaribu kuzifagia, lakini chokaa ilikuwa imekunywa umande na kugoma kutoka.

Hapo Steinau, kando ya mto Danube, hata mtoto anajua maana ya mstari huo. Usiku wa kuamkia Mei Mosi vijana hubeba ndoo za chokaa. Kama kuna mwanaume anayemwendea mwanamke kwa siri, humchorea njia kutoka mlango wake mpaka mlango wa huyo mwanamke. Kukikucha, kijiji kizima kinajua.

Na Roswitha alikuwa na harusi na Koloman wiki tatu tu mbele.

Jirani yao, Mama Burgl, alikuwa ameegemea uzio kama mtu aliyekata tiketi.

"Umeuona, binti? Mwaka huu vijana wamefanya kazi! Umepanda mpaka msituni huko. Mimi lakini sisemi kitu."

"Hujasema kitu tangu saa ngapi, Mama Burgl?"

"Haya, haya. Mimi yangu macho."

Roswitha akamgeukia mchumba wake. Nywele za Koloman zilikuwa mbichi, shati amefunga vifungo upande, na uso umemshuka kama mwizi aliyekutwa na kuku mkononi.

"Unaishia wapi?"

"Sijui."

"Hujui? Mlango si wako?"

"Mlango ni wa nyumba, Rosi. Hao ni walevi wa usiku, wanachora wanavyotaka. Twende ndani ninywe kahawa, kichwa kinaniuma."

"Baba yako yuko wapi? Nimuulize yeye."

"Ametoka mapema."

"Vizuri. Basi na mimi natoka mapema. Naufuata."

"Rosi, usipande huko! Nakuomba."

Hapo ndipo alipokosea. Mwanaume asiye na kosa huwa hasemi "usipande huko." Roswitha akakaza kamba za viatu, akafungua geti, akaanza kupanda.

Ngazi za mawe kati ya mizabibu zilikuwa kali. Majani mapya yalikuwa yameanza kutoka, na chini mto ulikuwa unang'aa, meli ya kwanza ya watalii ikipiga honi. Siku nyingine Roswitha angesimama kupumzika. Leo alipanda kwa hasira, na Koloman nyuma yake anahema.

"Ni Sieglinde, sio?"

"Sieglinde tumeachana miaka mitano iliyopita!"

"Njia ya huku inakwenda Gansdorf, na Gansdorf ndiko anakoishi Sieglinde. Hilo halihitaji darasa."

"Sijamwona hata kwa sura."

"Haya, tuzungumzie Alhamisi. Kila Alhamisi jioni uko shamba la juu na baba yako. Mwezi uliopita nilipanda kukuletea soseji na haradali. Nilikuta nini? Kunguru!"

Koloman akapiga teke jiwe dogo.

"Ile keki ya mbegu za mpopi iliyokuwa kwenye mkoba wako je? Ukasema umenunua dukani kwa mwokaji. Siku ya Alhamisi, Koloman! Mwokaji hafungui Alhamisi!"

"Ilikuwa... nilipewa."

"Na nani?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

"Niliapa, Rosi. Nilimwapia mtu."

"Mimi nilidhani mtu wa kumwapia wewe ni mmoja tu, tena kanisani."

Roswitha alitamani Koloman aseme jambo lolote, hata uongo mzuri. Koloman akajifuta jasho na kutazama viatu vyake. Roswitha alimpenda huyu mwanaume. Alimpenda kwa namna alivyokuwa akimsaidia baba yake kushuka ngazi bila kumwaibisha, na kwa namna alivyocheka mpaka akalia. Sasa kila alichokipenda aliona ni lazima akichunguze upya.

Wakaingia msituni. Mstari ulikuwa umekatikakatika huko, tone hapa kwenye mzizi, tone kule juu ya jiwe, lakini haukupotea. Ukapita kikanisa kidogo cha Mtakatifu Mikaeli, ambako watu huwasha mishumaa wakati wa baridi kali kuomba barafu isiunguze mizabibu. Ukapanda tena hadi kwenye magofu ya ngome.

Wanasema bwana wa ngome hiyo zamani aliwafungia wafungwa wake ukingoni mwa mwamba na kuwaambia wachague, njaa au kuruka. Roswitha siku hiyo aliwaelewa wafungwa.

Chini ya mnara njia inagawanyika. Kushoto ni Gansdorf. Roswitha akakata kushoto bila kutazama chini, akatembea, kisha akasimama. Chini yake kulikuwa na majani makavu tu. Chokaa hakuna.

Akarudi kwenye njia panda. Mstari ulikuwa umekwenda kulia.

"Kulia?" akasema taratibu. "Kulia ni Haselgrund."

Koloman akakaa juu ya jiwe, akashika kichwa.

"Koloman. Haselgrund ni kwetu."

Bondeni upande ule kulikuwa na nyumba tisa na kinu kibovu. Na kutoka pale juu, kwenye nyasi fupi za majira yale, mstari mweupe ulionekana wote ukishuka, ukizipita nyumba za watu bila kusimama, na kuingia kwenye ua wenye mti wa aprikoti. Ua wa nyumba aliyozaliwa Roswitha. Tangu yeye ahamie Steinau, ndani ya nyumba hiyo waliishi wanawake wawili tu: mama yake mjane, na Vroni, mdogo wake wa miaka ishirini na mitatu, mzuri wa kugeuza shingo za watu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Roswitha akatoa simu, akampigia Vroni.

"Haloo, dada! Heri ya Mei Mosi!"

"Vroni, uko wapi?"

"Nyumbani. Kwa nini unahema hivyo?"

"Uko na nani?"

"Na... na mama. Nani mwingine?"

Nyuma ya sauti ya Vroni mwanaume akakohoa. Simu ikakatika.

Roswitha hajamaliza kupumua, simu ya Koloman ikalia ndani ya mfuko wa koti. Akaichomoa kabla mwenyewe hajanyoosha mkono. Ujumbe ulitoka kwa Vroni: "Rosi ameshajua kitu! Mzuie huko huko, mdanganye lolote. Tupe nusu saa."

Akausoma kwa sauti, neno kwa neno.

"Rosi, sio unavyofikiri."

"Mdogo wangu! Niliyembeba mgongoni! Ungenichagulia mwanamke mwingine yeyote bonde zima, Koloman, ningelia nikanyamaza. Mdogo wangu?"

"Haki ya Mungu, sijamgusa Vroni!"

"Mstari unaanzia mlangoni kwako na unaishia mlangoni kwake. Sema basi. Nipe neno moja nilishike."

Koloman akatikisa kichwa.

Roswitha akavua pete, akamtilia kwenye kiganja na kumkunja vidole mwenyewe, kimoja kimoja.

"Harusi hakuna."

Akashuka mlima mbio.

Vroni alikuwa mlangoni jikoni, mikono ameitanua kwenye miimo. Chokaa ilikuwa inamgusa ncha za viatu.

"Dada, tulia kwanza."

"Sogea."

"Sisogei. Utasema maneno utakayoyajutia."

"Tangu lini, Vroni? Tangu lini unalala na mchumba wangu?"

"Nini?" Vroni akashangaa mpaka mikono ikamwanguka. "Koloman? Yule? Dada, anakoroma mpaka kwenye misa! Nimtake mimi?"

"Usinifanyie mzaha leo!"

"Mwache mtoto," sauti nzito ikasema kutoka ndani. "Mwenye kosa ni mimi."

Mlango ukafunguka nyuma ya Vroni. Mzee Ignaz, baba yake Koloman, alikuwa amesimama pale kwa soksi, goti lake bovu limefungwa kitambaa cha joto, kikombe cha kahawa mkononi. Nyuma yake alikuwa Mama Hermine, mama mzazi wa Roswitha, na uso mwekundu kama msichana aliyefumaniwa.

Roswitha akatazama mstari. Akamtazama mzee. Nyumba ya Steinau ilikuwa na mlango mmoja na wanaume wawili, na njia nzima yule wa pili hakumjia akilini hata mara moja. Nani anamchorea chokaa mzee wa miaka sitini na sita?

Koloman akafika, anachechemea.

"Kila Alhamisi namsindikiza baba mpaka kwenye ngome," akasema, pumzi zikimpaa. "Kwa sababu ya goti. Nakaa pale gizani namngoja. Keki ni ya mama yako. Jana baba alishuka mwenyewe, hakurudi. Waliniapisha, Rosi, wote wawili."

"Mkaniacha nipande mlima mzima nikiwa nimekufa moyo? Kwa nini? Nani angewakataza? Mna wake, mna waume?"

Mama Hermine ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo.

"Wewe, mwanangu."

"Mimi?"

"Siku tuliyomzika baba yako. Tulikuwa mezani, watu wote wapo, padri yupo. Ulisema, 'Mwanaume mwingine akiingia nyumba hii, mimi si mwanao tena.' Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Aliyasema kwa uchungu, kisha akaendelea na maisha yake, na mama akabaki nayo ndani ya nyumba.

"Kijiji sikukiogopa," mama akaendelea. "Kijiji kitasema wiki moja kichoke. Nilikuogopa wewe. Tukasema, kwanza aolewe kwa furaha, halafu tutaona."

Roswitha akainamisha shingo kama mtoto, machozi yakamtoka, na hayakuwa ya hasira.

Kabla hajayafuta, muziki ukasikika njiani. Vijana wa Steinau walikuwa wanashuka kando ya mstari wao, kodiani mbele, chokaa bado kwenye suruali, wakiimba na kupiga filimbi. Wachoraji huja kudai haki yao: aliyechorewa lazima awanyweshe mvinyo, mlangoni, watu wakiona. Asiyefungua, huimbiwa mwaka mzima. Majirani walikuwa wameshatoka na viti.

"Fungeni mapazia," mama akanong'ona. "Ignaz, nenda chumba cha nyuma. Sitaki mwanangu aaibike."

Mzee akaanza kugeuka. Roswitha akamshika mkono.

"Baba Ignaz, kaa. Vaa viatu, ukae mlangoni."

Akashuka ghalani. Akapanda na chupa sita zilizojaa vumbi, mvinyo wa mwisho ambao baba yake aliukamua kwa mikono yake kabla ya kufa. Hakuna aliyewahi kuthubutu kuzigusa. Akafungua ya kwanza mbele ya umati.

"Ehee!" mwenye kodiani akapiga kelele. "Na tunywe kwa heri ya nani, dada Rosi?"

"Ya mama yangu Hermine na mchumba wake Ignaz. Na mkicheka, mcheke kwa adabu."

Ua mzima ukalipuka kwa vigelegele na makofi. Koloman akamsogelea pembeni, kiganja bado kimekunjwa.

"Na hii?"

"Utanidanganya tena?"

"Kamwe, hata kama baba ataniapisha kwa Biblia."

Roswitha akanyoosha kidole. "Basi nivishe. Na vifungo vyako umefunga upande, tangu asubuhi."

Mama Hermine alikuwa ameshika glasi bila kuinywa, anatazama chupa ile yenye mwandiko wa marehemu mumewe.

"Rosi," akasema. "Mvinyo wa baba yako? Leo? Angesema nini?"

Roswitha akamjazia glasi mzee Ignaz mpaka juu, kisha akamkumbatia mama yake.

"Mvinyo ni wake, mama. Yeye ndiye anayewakaribisha."