Moyo wa Kuazima

Dereva wa treni alikutwa amekufa kitini. Mguu wake ulipolegea kwenye pedali, breki zilijifunga zenyewe, treni ikasimama karibu na stesheni. Abiria walilalamikia kuchelewa. Hakuna aliyeumia.

Daktari aliyepasua maiti alimwonyesha inspekta moyo.

"Kovu hili ni la zamani. Mishipa imeziba. Huyu hata ngazi zilimtesa."

"Mwezi uliopita alifaulu kipimo cha moyo cha kukimbia."

"Basi aliyempima atueleze."

Daktari wa moyo alikuwa kijana. Cheti cha kufaulu kilikuwa na saini yake, na saini hiyo ingeweza kumpeleka jela. Aliwasha skrini.

"Hii ni video ya moyo wake. Hapa ameshuka tu kwenye mashine ya kukimbilia."

Inspekta alisogea. Alikuwa ameona maiti wengi, lakini hakuwahi kuona moyo ukiwa kazini. Ulijikunja wote kwa pamoja, ukajifungua, ukajikunja tena, bila kuamriwa na mtu. Alisahau swali lake.

"Kovu liko wapi?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ya chini.

Daktari alitazama, akatazama tena.

"Halipo. Penye kovu hapachezi, lakini hapa ukuta wote wa moyo unacheza. Afande, huu si moyo wake."

Msibani, mlango ulifunguliwa na marehemu mwenyewe. Inspekta alirudi hatua moja.

"Usiogope, afande. Mimi ni mdogo wake, pacha. Hata mama alikuwa anatuchanganya. Nimechapwa sana kwa makosa ya kaka."

"Na kipimo, ulikimbia kwa niaba yake?"

Tabasamu lilikatika. "Nani kasema?"

Inspekta alimwonyesha ile video ya moyo kwenye simu. "Huyu. Twende ukapimwe, tulinganishe."

Mdogo mtu aliutazama moyo ule ukidunda. Polepole aliweka kiganja kifuani, akaketi.

"Kumbe ndivyo ulivyo," alinong'ona. Kisha akasema yote. "Alinisomesha, afande. Sikuwahi kumpa kitu. Akaniambia wakimtoa kwenye treni atakufa. Nikavaa raba zake, nikajibu kwa jina lake. Daktari hakujua lolote."

"Ulijua anaumwa?"

"Alisema ni kiungulia."

Aliinua macho. "Angekimbia mwenyewe, wangeona?"

"Daktari anasema wangeona pale moyo unapogoma kucheza. Wangemzibua mishipa."

Alitazama tena skrini. Moyo wake uliendelea kudunda, mzima kabisa.

"Nilikimbia mpaka wakaniambia inatosha," alisema. "Laiti ningechoka."