Picha Isiyotaka Poda

Kila mtu aliyesikia kwamba Perpétue anakwenda kupigwa picha ya maziwa alikuwa na neno la kumwambia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kupigwa picha hiyo.

Mteja wa maharagwe alimwambia kwamba mashine inabana hadi ziwa linapasuka. Mwenye duka la pili alisema mashine yenyewe ndiyo inayoleta ugonjwa. Mama Julienne, kiongozi wa akina mama kanisani, alimwonya asile wala asinywe kitu asubuhi hiyo, kwa sababu hospitali haipokei mtu aliyeshiba. Perpétue alipomuuliza amejuaje, Mama Julienne alijibu kwamba ni mambo yanayojulikana.

Perpétue alikuwa na miaka arobaini na tisa. Aliuza maharagwe na vitunguu kwa jumla mtaani Bel-Air, Lubumbashi. Kutwa nzima alisimama mbele ya duka lake, kalamu nyuma ya sikio, akibishana na watu wanaodai gunia halikujaa. Kubishana hakukumchosha. Kilichomchosha ni ushauri.

Sababu yake ya kwenda ilikuwa moja. Dada yake mkubwa, yaya Wivine, aliwahi kugusa uvimbe kwenye ziwa la kushoto, mdogo kama punje ya haragwe. Haukumuuma. Akaufunika kwa sidiria, juu yake blauzi, juu yake kikwembe cha kitenge, akanyamaza mwaka mzima na nusu. Siku alipomwonyesha Perpétue, ngozi ilikuwa imekwisha kufunguka. Waganga wa hospitali walifanya walichoweza, lakini walikuwa wameitwa kwa kuchelewa. Perpétue ndiye aliyemwosha dada yake mara ya mwisho.

Tangu siku ile, kila alipooga, mkono wake ulipita haraka juu ya maziwa yake, kama mtu anayepita mbele ya mbwa asiyefungwa. Hakugusa uvimbe wowote. Hata hivyo hakuwa na amani. Alitaka kujua.

Gaëlle, jirani yake, muuguzi wa kituo cha afya, ndiye aliyemtafutia nafasi. Mashine hiyo haiko katika kila hospitali, na wanawake wengi wanaisubiri. Ukikosa siku yako, unarudi mwisho wa foleni. Foleni ilikuwa ya wiki saba.

Gaëlle alikuja dukani kumweleza mambo ya kufanya. Alikuta vitunguu vinashushwa kutoka kwenye lori.

"Siku zako za mwezi zinaanza lini?" aliuliza, kwa sauti ileile ambayo angeulizia bei ya gunia. Mteja aliyekuwa mlangoni akaanza kuangalia dari.

"Gaëlle, bantu banasikia," alisema Perpétue, kisha akamnong'oneza tarehe.

"Basikie. Siku zikikaribia, maziwa yanajaa, yanauma. Wiki moja kisha siku zako kuisha, yanalegea. Njo wakati muzuri wa picha. Basi nimekuwekea Jumanne ya wiki ile."

Akaendelea. Alisema Perpétue ale kama kawaida. Alisema kama ana mimba, au ananyonyesha, au amewahi kupasuliwa ziwa, aseme mapema. Kama ana picha za zamani, azibebe. Wakati huohuo gunia moja likapasuka, vitunguu vikatawanyika hadi barabarani, na Perpétue akavikimbilia. Maneno mengine ya Gaëlle yalivingirika pamoja na vitunguu.

"Mama Gradi, uko unanisikia ao uko unafukuza vitunguu?"

"Nimesikia."

"Rudilia basi."

"Jumanne," alisema Perpétue.

Gaëlle alivuta pumzi ndefu. Akaandika mambo ya siku yenyewe kwenye karatasi, akampa mkononi. Perpétue aliiweka chini ya mizani ili isipeperuke. Haikupeperuka. Wala haikusomwa.

Jioni alimpigia simu mumewe, Paluku, aliyekuwa mpakani Kasumbalesa na lori lake, siku ya nne sasa, akisubiri kuvuka. Mtandao ulikuwa unakatika. Perpétue alisema ana picha ya maziwa Jumanne.

"Maziwa?" Paluku alijibu. "Ya Zambia? Iko hapa, iko mingi. Nikamate makarton ngapi?"

"Si maziwa ya kunywa. Ni maziwa yangu miye."

Honi za malori zikasikika. Kisha Paluku akauliza ni nani atakayepiga picha hiyo, na itabaki na nani, na kama haitafika kwenye simu za watu. Perpétue alimjibu kwamba anayepiga ni mwanamke, na picha itabaki na munganga. Alimuuliza kama yeye anafikiri wataibandika kwenye mlango wa duka.

"Lakini hauumwi," Paluku alisema. "Juu ya nini kutafuta ugonjwa?"

"Yaya Wivine naye hakuwa anaumwa."

Lori lililobeba jeneza la Wivine lilikuwa la Paluku. Hakuuliza tena.

"Basi enda," alisema.

Jumanne ilifika. Perpétue alijua kupigwa picha ni nini. Nyumbani kwao mtu hapigwi picha ovyo. Mama yake alimfundisha tangu utotoni: unaoga, unajipaka mafuta, kisha poda usoni, shingoni na kifuani, usije ukang'aa kwa jasho. Kwa kuwa picha hii ilikuwa ya kifua, alizidisha poda kifuani. Akaongeza kwapani, na marashi juu yake. Akavaa gauni lake refu la harusi za watu, lenye zipu mgongoni, na mkufu wa dhahabu.

Binti yake Gradi alimwona mlangoni. Akamuuliza kama kuna bibi harusi hospitalini.

Chai ilikuwa mezani, na mkate. Gaëlle alikuwa amesema ale. Lakini Gaëlle alisema mara moja, katikati ya vitunguu, na Mama Julienne alisema mara tatu, katikati ya maombi. Perpétue akatoka na njaa.

Mpigaji wa picha aliitwa Graciella. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyerudia jambo moja tangu asubuhi. Alimwingiza Perpétue katika chumba chenye mashine, akamwambia avue nguo za juu tu. Kisha akamtazama vizuri.

"Mama, hii gauni inafunguka wapi?"

"Nyuma."

"Yote?"

"Yote."

Graciella alifumba macho kidogo. Akamzunguka, akashika zipu, na zipu ikakwama katikati ya mgongo. Waliihangaikia wawili, mmoja akivuta, mwingine akishikilia pumzi, hadi ikaachia. Perpétue akabaki na shimizi na mkufu. Mkufu nao uliambiwa uondoke. Shimizi iliposhuka, Graciella alirudi hatua moja nyuma. Kifua chote kilikuwa cheupe kama ukuta uliopakwa chokaa.

"Ni nini hii, mama?"

"Poda."

"Juu ya nini?"

"Si ni picha?"

Graciella aliketi. Wanawake watatu wenye poda siku ile, alisema. Watatu. Kisha akasimama, akamwonyesha picha ya mfano ukutani, nyeusi na nyeupe.

"Angalia. Ugonjwa ukianza, ingine mara unaonekana kama chumvi, bitone bidogo byeupe. Njo bile munganga anatafuta. Poda nayo inaonekana bitone byeupe. Deodoranti vilevile. Mafuta nayo yanaharibu picha. Nikikupiga hivi, atatafuta ugonjwa ndani ya poda. Enda kunawa. Kama haitoki, unarudi kisha wiki saba."

Wiki saba. Perpétue alizipima kichwani. Wiki saba nyingine za kupitisha mkono haraka bafuni.

Bombani maji hayakuwa yakitoka. Walimpa ndoo na sabuni. Alinawa kifua, akanawa kwapani, akanawa chini ya maziwa mahali jasho linapojificha. Graciella akampangusa kwa kitambaa cheupe, akakichunguza, akamrudisha. Akanawa tena. Akarudishwa tena, kwa sababu chini ya kwapa la kulia bado palinukia harusi.

Wanawake wengine walipita mbele yake. Mmoja, aliyevaa blauzi na kikwembe, alivua blauzi tu, akapigwa picha, akavaa, akaenda zake kabla Perpétue hajamaliza ndoo ya pili. Perpétue aliketi koridoni amejifunika shuka la hospitali. Tumbo lilinguruma. Alimkasirikia Mama Julienne kwa mfungo wake. Alimkasirikia Gaëlle kwa kufundisha kwenye vitunguu. Alilikasirikia gauni. Kulikuwa na mtu mwingine wa kukasirikiwa, aliyeiweka karatasi chini ya mizani, lakini huyo alimwacha wa mwisho kwenye orodha.

Alipoitwa mara ya nne, kitambaa kilitoka safi.

Picha yenyewe haikuwa na hadithi. Alisimama mbele ya mashine. Graciella aliliweka ziwa lake moja juu ya kibao cha baridi, akalinyoosha kwa mkono. Kibao kingine, cha plastiki angavu, kikashuka taratibu na kulibana. Kilibana kweli. Kilimkumbusha kamba inavyokaza mdomo wa gunia. Graciella alimweleza kwamba ziwa likilala bapa, kinachojificha ndani kinaonekana, na mwale wa eksirei unaohitajika ni mdogo tu. Akamwambia ikizidi aseme.

"Sasa usipumue."

Mashine ikalia. Kibao kikapanda. Perpétue alihesabu sekunde sita.

"Imeisha?"

"Hiyo ya kwanza. Kila ziwa mara mbili. Moja kutoka juu, moja kutoka upande."

Nne zote zilichukua muda mfupi kuliko zipu. Hakuna kilichopasuka. Perpétue aliuliza kama ndiyo hiyo tu, na Graciella akasema ndiyo hiyo tu, na kama angekuja na blauzi angekuwa nyumbani anakula.

Baada ya siku sita simu ililia. Walimtaka arudi, picha ya ziwa la kushoto irudiwe upande mmoja. Kushoto, kama Wivine. Perpétue alifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona, akaenda kwa Gaëlle.

"Kuitwa tena si kuhukumiwa," Gaëlle alimwambia. "Bengi sana banaitwa, na bengi habana kitu. Banataka kuona muzuri. Umesoma karatasi yangu?"

Aliporudi dukani aliitoa chini ya mizani, akaisoma. Ilikuwa na mistari minne. *Kula. Vaa blauzi na kikwembe. Usipake poda, deodoranti, mafuta wala marashi. Acha mkufu nyumbani.* Yote yaliyomtesa yalikuwa pale, kwa herufi kubwa, chini ya mizani, siku kumi na mbili.

Akarudi hospitalini ameshiba, amevaa blauzi. Walipiga picha ile, kisha wakampima kwa mashine nyingine, ile inayotumika kutazama mimba. Munganga akamwambia ni kifuko cha maji, kitu kisicho na hatari. Arudi baada ya mwaka. Lakini akigusa uvimbe kabla ya hapo, au akiona ngozi imejikunja, au chuchu inatoa damu, asingoje mwaka, wala asidanganywe na picha safi. Aje siku hiyohiyo. Na wanawake wenzake waliofika arobaini waulize waganga wao ni lini waanze, na yule mwenye mama au dada aliyeugua aulize mapema zaidi.

Perpétue alitoka nje, akaegemea ukuta, akalia kidogo. Kisha akakasirika upya. Kumbe ilikuwa rahisi namna hii. Kumbe kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusema wazi.

Jumapili, wakati wa matangazo, alisimama kanisani bila kuitwa. Alisema kwamba amepigwa picha ya maziwa. Akarudia neno, kwa sababu nyuma hawakusikia. Alieleza poda, na gauni, na ndoo tatu, na kibao kinachobana. Alisema kwamba Wivine, ambaye wote walimwimbia kaburini, alikufa kwa sababu ya neno hilohilo ambalo hakuna aliyetaka kulitamka. Wanaume waliangalia viatu vyao. Mchungaji aliangalia Biblia. Mama Julienne alimwangalia yeye.

Wiki zilizofuata wanawake tisa waliandikishwa. Zamu zao zilipofika, Graciella alimpigia simu Gaëlle kuuliza ni nani aliyewafunza, kwani wote walifika na blauzi, wameshiba, hawanukii kitu. Mmoja wao, muuza samaki, alikutwa na vitone vidogo kama chumvi. Ugonjwa ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Alipasuliwa mapema, na waganga wanasema anaendelea vizuri. Amekwisha kurudi kwenye meza yake ya samaki, na kelele zake zilezile.

Hata hivyo, Mama Julienne alikuja dukani na wajumbe wawili wa kamati. Hakubishana juu ya wale tisa. Yeye mwenyewe alikuwa wa saba. Alisema jambo ni jema, ila namna lilivyosemwa mbele ya mchungaji iliwaaibisha akina mama. Kamati ilikuwa imekaa. Walitaka aombe msamaha Jumapili, kwa kifupi tu.

"Neno moja, Mama Gradi," Mama Julienne alisema. "Useme pardon, tunaisha."

Perpétue alichukua kalamu nyuma ya sikio, akaandika alama kwenye gunia, akairudisha mahali pake.

"Nilisema maziwa mbele ya mchungaji," alisema. "Mchungaji naye alinyonya. Siombi pardon."