Punje za Mpunga Kwenye Ndala

Kila Jumamosi ya msimu wa mavuno, kabla mpira haujadunda katika uwanja wa kikapu wa kijiji chetu cha San Isidro, lazima kwanza nigombane na Bi Coring. Yeye huanika mpunga wake kwenye nusu ya uwanja tangu alfajiri, nasi tunacheza kwenye nusu inayobaki. Sheria ni moja: ukikanyaga mpunga ukiwa na mpira, mpira unakwenda kwa wapinzani.

"Mzee Doro, watoto wako wakinimwagia mpunga nitakung'oa meno!"

"Umechelewa, Bi Coring. Yalishaondoka yenyewe."

Nimekuwa refa wa kujitolea hapo tangu nilipostaafu ufundi umeme. Nimechezesha hata kwenye kimbunga. Mtoto mmoja alirusha mpira Jumamosi, upepo ukauchukua, ukaingia kikapuni Jumatatu. Nikahesabu. Anayebisha akaulize upepo.

Mwaka huu magoti yalinigomea, nikamkabidhi filimbi Analyn, msichana wa miaka kumi na miwili anayezijua sheria kuliko mimi. Siku hiyo Mtaa wa Tatu walicheza na Mtaa wa Tano, wote watoto wa chini ya miaka kumi. Mshindi angepata mpira mpya, maana ule wa zamani ulikuwa na upara kama wangu. Tatizo lilikuwa moja tu: Dodong, mdogo wake Analyn, alichezea Mtaa wa Tatu.

"Refa, leo utampendelea nani?" walitania Mtaa wa Tano.

"Wewe, ukinyamaza!" Analyn akajibu.

Wa kwanza kufika ishirini na moja ndiye mshindi. Walipofika ishirini kwa ishirini, Dodong alirudi nyuma na mpira hadi kisigino kikazama kwenye mpunga. Akarusha. Ukaingia!

Filimbi ilikuwa mdomoni mwa Analyn, lakini haikulia. Mtaa wa Tatu walimbeba Dodong juu juu. Mimi niliona kila kitu, nikanyamaza na kumtazama mwamuzi wangu.

Walipomshusha, kuku wa Bi Coring, aliyefukuzwa kwenye mpunga tangu asubuhi, alimfuata Dodong nyuma, akidonoa ndala yake. Dodong akahama, kuku akahama naye.

"Dodong, shabiki wako anataka saini!" watu wakacheka.

Analyn hakucheka. Aliziangalia punje zilizonata kwenye ile ndala. Kisha akamwangalia Renz, kapteni wa Mtaa wa Tano, aliyekuwa akijifuta macho kwa fulana. Akapuliza filimbi mpaka mbwa wakabweka.

"Kikapu kimefutwa! Amekanyaga mpunga. Niliona, nikanyamaza kwa sababu ni mdogo wangu. Mnisamehe. Mpira wa Mtaa wa Tano."

"Dada! Nitakusemea kwa Mama!"

"Nisemee. Ila mwambie na ulichokanyaga."

Mtaa wa Tano wakaanza. Renz akapokea pasi, akaruka, akafunga. Uwanja ukalipuka. Dodong akaenda kununa nyuma ya nguzo, mpaka ule mpira mpya ukabingirika na kumgusa mguu.

"Dodong, unacheza au unalia?" Renz akamwita. "Tunaujaribu mpira mpya, na tumepungukiwa mtu mmoja."

Dodong akapangusa pua, akakimbia kuungana nao.

Analyn akanirudishia filimbi. "Chukua, Babu. Nilichelewa."

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, ungekuwa ukweli wangu. Huu umeusema wewe, na hakuna aliyekubana. Kila refa hukosea, mjukuu wangu. Refa mwaminifu hukubali kosa mbele ya watu, na analirekebisha hata likimuumiza yeye au nduguye. Vaa filimbi yako."

"Abaki nayo huyo huyo!" Bi Coring akapaza sauti, ufagio mkononi. "Wewe Doro ulikuwa unawaona wakikanyaga mpunga wangu, unafumba macho!"

Yule kuku naye tulimfanya refa msaidizi. Hajakosea hata mechi moja, na mpaka leo tunamlipa kwa punje.