Jicho Alilolikatalia Leza

Matone ya kupanua mboni yalikuwa yamemtia ukungu machoni. Mshonaji akatoka chumbani kwa daktari wa macho na kudaka mkono aliodhani ni wa kaka yake.

"Twende, bwana! Hawa wanataka kunichoma macho!"

"Twende wapi, dada?" ikajibu sauti ngeni, ikicheka.

Ndivyo alivyomfahamu fundi saa: shati la bluu, harufu ya sabuni, na maneno matamu yasiyoisha. Jioni ileile fundi alimpigia simu.

"Mpenzi, umeamua kuhusu hayo macho?"

"Mpenzi wa tangu lini?"

"Tangu uliponikamata mkono mbele za watu."

Mshonaji alicheka, lakini moyo haukutulia. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeharibu mishipa nyuma ya macho yake. Daktari alisema leza, mwanga wa kuchoma mishipa hiyo, ingezuia isiendelee kuvuja, ingawa haingerudisha uoni uliokwisha kupotea, na huenda ingepunguza uwezo wa kuona gizani na pembeni. Sasa mshonaji alikuwa akishona mkono wa gauni, anaufumua, anaushona tena. Macho ndiyo yaliyomlisha.

"Nenda ukafanyiwe," fundi saa alimsihi wiki mbili nzima.

Siku moja mshonaji alimpelekea chai kibandani kwake. Fundi alikuwa ameinamia saa, lenzi yake ameibana kwenye jicho la kulia. Mshonaji akamsogezea kikombe upande wa kushoto. Jicho la kushoto lilikuwa wazi, lakini hakukiona. Akapunga mkono. Fundi hakugeuka. Kumbe siku zote alidhani hulifumba lile jicho kwa ajili ya kazi!

"Hilo halioni?"

"Halioni."

"Na wewe ulichomwa?"

"Nilichomwa, lakini..."

Mshonaji hakungoja amalize; aliamini leza ndiyo iliyompofusha. Siku tatu alizima simu, akakasirika, akalia, akamkumbuka, akajikasirikia kwa kumkumbuka.

Siku ya nne fundi saa alisimama mlangoni kwake, shati halijapigwa pasi.

"Lililochomwa ni la kulia, mpenzi. Hili ndilo ninalokuona nalo. La kushoto nililikatalia, nikasema nitaenda kesho. Kesho mpaka likazimika."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aibu. Nani atamtaka mtu aliyejipofusha kwa ubishi?"

Mshonaji aliweka mkasi chini. Hofu ilikuwa palepale, ila hasira ilikuwa imemwisha.

"Jumatatu saa mbili asubuhi unanipeleka hospitali."

"Nitakuja mapema."

"Na Jumapili yake unakuja kwetu na wazee wako. Nataka kumwona baba akikuhoji mpaka utoke jasho."